Tuisheni ya skii sio anasa: kwenu mliofika juzi huku milimani

Nawaandikia nyie mliohamia karibuni Austria, Uswisi au Ujerumani ya kusini, hasa wenye watoto. Kila mwaka ikifika Novemba napigiwa simu na mtu mmoja au wawili na habari ni ile ile, shule imeleta barua, darasa zima linaenda wiki nzima ya skii, huu mchezo wa kuteleza kwenye theluji, mtoto wangu theluji yenyewe kaiona mwaka huu, sasa tunafanyaje? Halafu mwishoni kabisa kabla hajakata simu linakuja swali la pili kwa sauti ya chini, na mimi mwenyewe je, umri huu bado naweza?

Mimi nipo Tirol, huku Austria, karibu na Innsbruck, huu msimu wangu wa tisa, na saba kati ya hiyo nafanya kazi duka la kukodisha vifaa vya skii, kwa hiyo watu nawaona asubuhi wanavyotoka na jioni wanavyorudi kurudisha buti. Unaweza kujua kwa uso tu nani alikuwa na mwalimu na nani alichukuliwa na rafiki yake.

Jibu langu siku zote ni hilo hilo: tafuta tuisheni. Sote tumesoma tuisheni nyumbani, tunajua ilivyo, mwalimu wako mwenyewe, anakaa na shida yako wewe mpaka imeisha. Na kwenye skii naona mtu mzima anaihitaji kuliko mtoto, ingawa wazazi wengi wanafanya kinyume, hela yote inaenda kwa mtoto na wao wanasimama chini na simu wanapiga picha msimu baada ya msimu.

Ngoja niwaambie yangu. Nilianza nikiwa na miaka 34. Rafiki mmoja, mtu mwema kabisa, akanipandisha na gondola, kile kibanda kinachovutwa na kamba ya chuma hewani, mpaka juu, akanionyesha mara mbili jinsi ya kusimama akasema nifuate. Ile njia ilikuwa nyekundu. Huku njia zinapangwa kwa rangi, bluu ni rahisi, nyekundu ni ya kati, nyeusi ni ya waliobobea, sasa mimi sijui hata kusimama niko kwenye nyekundu. Nilianguka mara ya tatu nikavua skii, vile vibao virefu vya miguuni, nikazibeba begani nikashuka kwa miguu pembezoni mwa njia zaidi ya saa nzima, goti limevimba, watoto wa miaka mitano wananipita. Mwaka ule sikurudi tena. Mwaka uliofuata nikalipia darasa la kundi, tulikuwa kumi, masaa mawili. Piga hesabu mwenyewe, dakika 120 gawanya kwa watu kumi, macho ya mwalimu unayapata dakika 12, zilizobaki umesimama kwenye baridi unasubiri zamu. Wale wenzangu wengi walishawahi kuskii utotoni, wakaelewa haraka, mimi nikabaki nyuma na nikaona aibu kuuliza.

Ndo mwaka wa tatu nikachukua mwalimu wa peke yangu, masaa mawili tu. Dakika tano za kwanza aliona kitu ambacho mwenyewe nisingekiona hata miaka kumi. Mtu mzima akisimama kwenye mteremko mwili unataka kurudi nyuma, kuegemea mlima, ni woga wa kawaida kabisa, ukiwa kwenye njia ya udongo unakusaidia. Kwenye skii ni kinyume, ukiegemea nyuma uzito unaenda kwenye visigino, mbele ya skii kunakuwa kwepesi, na kule mbele ndo unakoanzia kukata kona, kwa hiyo kadri unavyoogopa unaegemea nyuma na kadri unavyoegemea nyuma skii zinakukimbia na hazigeuki. Yule mwalimu akaninyang'anya zile fimbo mbili za mkononi, akanambia ingiza vidole viwili kati ya ugoko wako na ulimi wa buti. Vikaingia vizuri tu. Akasema hapo pasiwe na nafasi, kunja goti mpaka ugoko uminye buti. Kisha akageuka akawa anateleza kinyumenyume mbele yangu, kashika ncha za skii zangu kwa mikono, anazikusanya ziwe kama kipande cha pizza, anasema usiangalie miguu, niangalie mimi. Tulishuka mita kama hamsini hivi. Nikasimama mwenyewe. Sijui niwaelezeje ile hali, kusimama pale unapotaka wewe kusimama, baada ya miaka miwili ya kuchukuliwa tu na mteremko.

Hiyo ndo faida kubwa ninayoizungumzia. Kundini mwalimu anafundisha somo, kwenye tuisheni anakutibu wewe. Kosa la mtu mzima huwa moja au mawili tu, lakini kila mtu ana lake, na lisiporekebishwa siku za kwanza mwili unalizoea na kulitoa baadaye ni kazi kweli kweli.

Watoto sasa. Hapa nitasema kitu ambacho shule za skii hazitapenda sana, mtoto mchangamfu wa miaka sita saba mwenye wenzake mpeleke kundini, anajifunza kwa kuiga, anaona mwenzie kapita kwenye kale kageti ka plastiki na yeye anapita. Binti yangu alijifunza hivyo hivyo, siku tatu akawa anashuka bluu. Kaka yake alikuwa mwingine. Aliogopa zulia, lile linalotembea linalowapandisha watoto, siku ya kwanza ya kundi alilia mpaka wakaniita. Tukamchukulia mwalimu wa peke yake lisaa limoja, na nusu saa nzima yule dada hakumgusisha skii, walipanda na kushuka lile zulia kwa buti tu, mara sita saba, mpaka mtoto mwenyewe akasema sasa nataka skii. Mwalimu mwenye watoto tisa wengine wanaomsubiri angeitoa wapi nusu saa hiyo? Siku ya pili lisaa lingine, siku ya tatu akarudi kundini akiwa sawa na wenzake.

Kwa hiyo mwenye barua ya shule, usingoje wiki yenyewe. Desemba mwanzoni mtafutie lisaa limoja limoja mara mbili tatu. Asikariri mengi, ajue kuvaa buti mwenyewe, kuanguka na kuinuka, plau, na kupanda lifti. Plau ndo hiyo pizza, Wajerumani wanaiita Pflug, plau kabisa ya kulimia, ncha zimekutana nyuma kumefunguka, inapunguza mwendo na inakusimamisha. Watoto huku wanaambiwa pizza ni kusimama na chipsi ni kwenda, skii zikiwa sambamba kama vijiti vya chipsi, na wanashika mara moja. Na mfundishe hii mapema, aliye mbele yako kwa chini ndo mwenye haki, wewe uliye juu ndo unamkwepa, ni kanuni na inahukumiwa hivyo hivyo ukigonga mtu. Mdogo wa chini ya miaka mitano lisaa linatosha, ukilazimisha mawili la pili lote ni kilio.

Na usidhani haya si mambo yetu. Sabrina Simader kazaliwa Kenya, kakulia hapa hapa Austria, 2018 PyeongChang akaiwakilisha Kenya kwenye skii za mteremkoni. Na kwa wazee wenzangu kuna Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya, alianza theluji mtu mzima kabisa mwaka 1996 akapelekwa Finland kufundishwa, 1998 akashindana Nagano, zile skii za mbio za masafa, akamaliza wa mwisho na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri mstarini amkumbatie. Miaka miwili tu tangu aanze.

Hela najua ndo kikwazo. Tuisheni ni ghali, sitawadanganya. Lakini bei mara nyingi ni ya mwalimu kwa saa, mtu wa pili na wa tatu wanaongezewa kidogo, kwa hiyo tafuteni mwenzenu wa kiwango kile kile mgawane, mke na mume wote wapya ni sawa kabisa (ila mume anayejua asimfundishe mke asiyejua, jamani, nimeona wengi wanarudi dukani hawasemeshani). Sehemu nyingi saa sita mpaka saa nane mchana inakuwa nafuu kwa sababu watu wanakula. Januari baada ya sikukuu ni nzuri, Krismasi na likizo za Februari walimu wanajaa na bei ziko juu. Na usinunue siku nzima, chukua masaa mawili, jizoeze siku mbili peke yako kwenye bluu, halafu rudi lisaa limoja akusahihishe.

Kuhusu vifaa naomba mnisikilize kama mtu wa dukani. Tukikuuliza kilo zako sema kilo zako. Kile kifungio kinachoshika buti kwenye skii tunakikaza kwa uzito wako, urefu, umri, urefu wa soli na kiwango chako, ili ukianguka kiachie mguu. Mtu akijipunguzia kilo kwa aibu kinaachia hovyo katikati ya njia, akijifanya mjuzi kinakazwa sana na hakiachii, goti linazunguka na skii. Soksi jozi moja tu, ndefu, ukivaa mbili damu haipiti vizuri na miguu ndo inapata baridi zaidi. Jinzi hapana, inalowa. Helmeti kwa wote, na miwani na krimu ya jua hata kwetu weusi, theluji inarudisha mwanga usoni kwa nguvu sana.

Siku ya kwanza ukikutana na mwalimu, kabla hamjavaa skii, mwambie yote, sijawahi kabisa, naogopa mwinuko, goti hili liliwahi kuvimba. Wangu nilipomwambia hivyo alivua skii zake akaziweka pembeni, akakaa kwenye theluji, akanionyesha na mimi nikae, na tukaanza na kuinuka.