Nilipigwa na darubini ya 30x60, we usipigwe

Ilikuwa Ngamiani hapa Tanga, mchana natoka kula, jamaa kapanga vitu vyake kwenye turubai, tochi, redio, mikasi, na katikati darubini kama tano hivi, vioo vya mbele vyekundu vinang'aa utafikiri macho ya paka. Imeandikwa 30x60 kwa rangi nyeupe, maandishi makubwa hata ukiwa ng'ambo ya barabara unasoma. Nikaiweka machoni nikaangalia bati la nyumba ya mbele nikaona mpaka kutu na misumari, nikasema hee, hii ndo yenyewe. Kaanza na laki, nikamlalia weee akashuka mpaka elfu 70. Nikaondoka najiona mjanja.

Mi kazi yangu kutembeza wageni, leo msitu wa Amani kesho Pangani, kwa hiyo binokula (ndo tunavyoita sisi wa kazi hii) kwangu ni kama jembe kwa mkulima.

Safari ya kwanza nayo ikawa Amani. Saa 12 na nusu asubuhi, msitu bado una kiza chake, ukungu umekaa kwenye miti. Mgeni wangu mama mmoja wa Kijerumani, mtu mzima, anapenda ndege kuliko chakula. Tukasikia hondohondo wanapita juu, wale mabawa yao yanalia vuu vuu kama mtu anapepea jiko la mkaa, wakatua kwenye mti mbele yetu. Nikanyanyua 30x60 yangu. Naona nini? Kitu cheusi ndani ya weusi, halafu kinatetemeka. Mama wa watu hakusema neno, akavua yake shingoni akanipa, Swarovski (kampuni ya Austria), imeandikwa 8.5x42. Yani namba yake haifiki hata theluthi ya yangu. Nikaangalia. Aisee. Shavu la hondohondo lina manyoya yenye ncha za fedha, kama ndevu za mzee aliyenyoa juzi mvi zinachungulia, na mi hao ndege nimewaona tangu mdogo lakini lile shavu sikuwahi kuliona.

Kurudi nyumbani nikachukua rula ya mwanangu ya shule.

Sasa hapa tulia nikueleze maana ndo penyewe. Kwenye darubini namba ya kwanza ni inavuta mara ngapi, namba ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. 8x42 maana yake inavuta mara 8 na kioo kina milimita 42. Hiyo ya pili unaweza kuipima mwenyewe, haina ufundi. Nikaweka rula kwenye ile "60" yangu nikapata 25. Milimita 25! Ganda la plastiki limejengwa nene ili lionekane kubwa, kioo chenyewe kama kifuniko cha soda. Halafu kuna kipimo kingine, ishike darubini mbali na uso kama urefu wa mkono, ielekeze kwenye anga jeupe (sio kwenye jua, jua linaua jicho hapohapo), utaona kwenye vioo vya nyuma kila upande kiduara kidogo cha mwanga. Pima kile kiduara. Changu kilikuwa kama milimita 3. Sasa 25 gawanya kwa 3 unapata 8 na kitu. Kwa hiyo "30x60" yangu ilikuwa 8x25 imevaa koti la kuazima.

Na kile kiduara usikipuuze hata kidogo. Ule ndo mwanga wote unaokufikia. Mboni ya jicho mchana wa jua kali inajibana mpaka milimita 2 au 3, kwa hiyo mchana pale Ngamiani hata ile feki ilikuwa inaonyesha vizuri tu, ndo maana nikadanganyika na lile bati. Lakini msituni alfajiri mboni inafunguka, inataka mwanga zaidi, na darubini inakupa milimita 3 basi. Ya 8x42 inakupa 5 na robo. Ya 10x42 inakupa 4.2. Watu wa baharini utawakuta na 7x50, ile inatoa milimita 7 na kidogo, na inavuta kidogo kwa makusudi maana kwenye boti kila inachovuta inavuta na mtikisiko wako. Jaribu 12 ukiwa kwenye boti ya kwenda Maziwe uone, bahari inapanda inashuka, tumbo nalo linafuata.

Na vile vioo vyekundu vinavyotupumbaza, ile rangi inarudisha mwanga mwekundu nje, inakunyima wewe. Ukiangalia kitu cheupe kinakuja na ubluu ubluu kama kimewekwa Omo. Kioo kizuri ukikiinamisha kwenye taa kinarudisha rangi hafifu, kijani au zambarau, na kinaonekana kama hakipo.

Baada ya hapo nikaweka hela miezi, nikapata 8x42 ya mtumba kwa laki 3 na nusu. Safari hii sikununua kwa bati. Nilimwambia muuzaji kaka twende wote Raskazone kule ufukweni, nikuletee soda, akakubali. Kwanza nikatafuta mlingoti wa jahazi uliosimama kwenye anga jeupe. Mlingoti ukija na ukingo wa zambarau upande mmoja na kijani upande wa pili ni kioo cha hivihivi, kidogo kinavumilika, kikizidi achana nacho. Halafu nikaangalia mstari wa bahari kule mbali inapokutana na anga, nikawa naitoa darubini machoni taratibu, inarudi nyuma inarudi nyuma. Ule mstari ukivunjika, kushoto uko juu kulia uko chini, hiyo imeshaanguka na mirija haitazami pamoja tena. Utaitumia dakika kumi kichwa kiume ufikirie una malaria. Hii ya mwisho ndo inayonunuliwa sana na watu bila kujua, kwa sababu ubongo unajilazimisha kuziunganisha picha mbili na dukani huwezi kugundua.

Nikawasha tochi ya simu nikaangalia kwa ndani kupitia kioo kikubwa. Tanga hapa na unyevu wetu huu, kuvu inaota mpaka kwenye kioo, unaona utando kama wa buibui umesambaa. Vumbi punje mbili tatu sio kesi. Utando usichukue hata kwa bure, labda uwe na fundi, na mi fundi wa vioo hivyo hapa mjini sijampata.

Kama unavaa miwani kuna kitu cha ziada, muulize muuzaji jicho linakaa umbali gani kutoka kioo cha nyuma, ukipata milimita 16 kwenda juu upo salama. Kaka yangu anavaa, yangu ya zamani alikuwa anaona kama anachungulia kwenye tundu la funguo. Na zile raba za nyuma mwenye miwani anazikunja ndani, asiye na miwani anazitoa nje, wengi hatujui tunaziacha zilivyotoka kiwandani.

Wengine mtaniambia macho yanauma hata ukiwa na darubini nzuri. Ni kwa sababu hujaiseti jicho la kulia. Ziba kioo cha kulia na kiganja, zungusha gurudumu la katikati mpaka kushoto kukae sawa, halafu ziba kushoto, na sasa usiguse gurudumu, zungusha ile pete ndogo ya kwenye kioo cha nyuma cha kulia. Basi. Pete ikumbuke imekaa alama gani maana mgeni akiazima ataivuruga.

Ooh na vipepeo. Amani kuna vipepeo vya kufa mtu, na kuna darubini haikubali kitu kilicho ndani ya mita 5, yani kipepeo kakaa mbele yako inabidi urudi nyuma kama unamuogopa. Angalia kiatu chako mwenyewe ukiwa umesimama, kikionekana vizuri chukua.

Sasa mjomba wangu wa Handeni kasikia najua darubini, kanipigia. Ana bunduki ya kibali, nguruwe pori wanamalizia mahindi, anataka aifunge darubini, kaonyeshwa mbili, 3-9x40 na 6-24x50 (yani ya kwanza unaizungusha ivute kuanzia mara 3 mpaka 9, ya pili mara 6 mpaka 24). Yeye roho iko kwenye 24. Nikamwambia shikamoo mjomba, nguruwe wako anasimama mita ngapi? Anasema hamsini, giza linaingia. Basi hesabu ni zile zile, ukiiweka kwenye 24 unapata milimita 2 za mwanga, na upana unakuwa mdogo utaona sikio la nguruwe usijue mwili uko upande gani. Kwenye 3 unapata 13, zaidi ya jicho linavyohitaji. Akanung'unika akachukua 3-9. Tofauti kubwa na zetu ni moja, ya bunduki jicho linakaa mbali, kama milimita 90 hivi, kwa sababu bunduki inarudi nyuma. Mjomba siku ya kwanza kaisogelea kama anachungulia sufuria, sasa hivi ana alama ya mwezi mchanga juu ya nyusi, na shangazi anamtania kila akikaa kula.

Ila nilimkemea kitu kimoja, na mi sio kawaida yangu kumkemea mkubwa. Alikuwa anatumia ile ya bunduki kutafutia, kitu kikicheza kule anainua anaangalia. Mjomba, unapoangalia na mdomo wa bunduki unaangalia hapohapo! Na jioni kule watoto wanarudi na kuni. Nimempelekea ile 30x60 yangu akatafutie nayo, angalau ipate kazi.

Ya kwangu naitunza kwenye kopo la maziwa ya unga na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye viatu, kila Jumapili naitoa inakaa kivulini ipate hewa. Ikirukiwa na maji ya bahari naimwagia maji yasiyo na chumvi kwanza, yangu haipitishi maji, kama yako inapitisha tumia kitambaa kibichi tu. Usifute kwa kanga kavu, chumvi na mchanga vitakuchorea kioo kama msasa.

Juzi nikapita tena kwa yule jamaa wa Ngamiani, na rula mfukoni. Darubini bado zipo, sasa zimeandikwa 90x80. Nikampimia moja mbele yake, 25 tena. Akaichukua rula, akapima mwenyewe, akanyamaza kidogo, akapima na nyingine. Akanirudishia rula yangu akasema, "Basi kaka, nikufanyie elfu 60."