Plastiki si kijidudu, haiuawi

SWALI: Injinia, hujambo. Kijana mmoja alikuja kwenye ploti yetu na mashine ya kupima uchafu. Alitumbukiza vyuma kwenye glasi ya maji yetu ya mfereji, yakageuka kahawia kama chai ya rangi. Maji yake hayakubadilika. Akasema ile kahawia ni chembechembe za plastiki, na filta yake ya taa inaziua. Anataka shilingi 18,000. Ninunue? – Mama wa Kayole

JIBU: Usinunue, Mama. Mchezo huo nimeuona mpaka nimechoka. Ile kahawia ni kutu ya vyuma vyenyewe. Maji ya mfereji yana chumvichumvi, kwa hivyo yanapitisha umeme, na umeme ndio unaokula chuma. Yake yalishaondolewa chumvi. Akirudi, tia chumvi kidogo kwenye glasi yake, mwambie awashe tena, halafu umtazame uso.

Linaloniudhi zaidi ni hilo neno "kuua". Taa huua vijidudu, klorini pia. Plastiki haijawahi kuwa hai! Kuchemsha nako, watafiti wa China walionyesha mwaka 2024 kwamba maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi, yakichemka, chokaa inayoganda hunasa chembe nyingi, nazo huondoka ukiyachuja. Maji yetu ya bwawa la Ndakaini ni laini, hayana chokaa nyingi, usitegemee hilo. Chemsha kwa sababu ya kipindupindu. Plastiki huchujwa, basi muulize muuzaji matundu ya filta yake ni mikroni ngapi (mikroni moja ni milimita moja ukiigawa mara elfu). Ya mikroni 5 hushika mchanga na kutu, chembe ndogo zikapita. Ya 0.01 ni habari nyingine. Asiyejua, mfungulie geti aende.

Na watu hawa wametufanya tuogope glasi tukasahau jikoni. Kila asubuhi napita vibanda ambako githeri inatokota imefunikwa nailoni, mvuke umeifurisha kama puto. Mtungi wa manjano umepauka kwa jua la miaka, halafu mtu anausugua ndani kwa mchanga na kokoto ung'ae, yaani anakwangua plastiki ndani ya maji ya kunywa. Mwingine anachoma taka nyuma ya ploti akidhani amezimaliza, kumbe majivu bado yana vipande, na mvua huvikokota hadi Mto Nairobi, Athi, Sabaki, mpaka baharini.

Siku hizi kuna hata matone ya "kutoa plastiki mwilini", mia tatu chupa. Hakuna dawa iliyothibitishwa kufanya hivyo. Mia tatu hiyo nunua mfuniko wa sufuria.