Maswali yenu kuhusu wanamuziki wa Estonia, twende moja moja

Wiki iliyopita niligusia jina la Arvo Pärt, mtunzi wa muziki wa Estonia, kwenye jibu moja tu, tena kwa kupita, basi meseji zimemiminika. Haya, nimechagua yale yaliyojirudia sana.

"Hivi Estonia ndo wapi, na kanchi kadogo vile kanapataje watunzi wote hao?"

Iko juu kabisa kule Baltiki, ng'ambo ya bahari kutoka Ufini, jirani na Urusi na Latvia, watu kama milioni 1.3 hivi. Watunzi wanatoka kwenye kwaya. Mwaka 1869 pale Tartu, bwana mmoja wa magazeti aitwaye Johann Voldemar Jannsen aliandaa tamasha la kuimba, wanaume watupu pamoja na bendi za matarumbeta, wakati huo nchi iko chini ya mfalme wa Urusi na mashamba makubwa yako mikononi mwa Wajerumani. Tamasha lile, laulupidu wanaliita, lipo mpaka leo, kwa kawaida kila baada ya miaka mitano, mji mkuu Tallinn, waimbaji zaidi ya 30,000 kwenye jukwaa moja lenye paa kubwa la upinde lililojengwa 1960. Na siyo kwamba unajitokea tu na sare yako, kwaya inapewa nyimbo mapema, inafanya mazoezi, halafu inapimwa, msipoiva mnabaki nyumbani. Nchi yenye utaratibu huo kwa zaidi ya miaka 150 lazima itoe watunzi bana, maana kuna watu wa kuimba kile wanachoandika.

"Mimi ni mwalimu wa kwaya Mbeya. Nimesikiliza huyo Pärt, mbona kama hakuna kitu? Noti mbili tatu, kimya, noti mbili tatu."

Mwalimu, swali zuri hili, na wewe utanielewa haraka kwa sababu unajua sol-fa. Chukua sauti mbili. Ya kwanza inatembea kwenye ngazi hatua kwa hatua, la, ti, do, re, hairuki. Ya pili hairuhusiwi kugusa kitu kingine zaidi ya la, do na mi, inachagua tu ile iliyo karibu na sauti ya kwanza. Basi. Ndo mtindo wake wote anaouita tintinnabuli, jina limetokana na kengele. Saa nyingine sauti zinapatana, saa nyingine zinagongana kidogo halafu zinaachiana, na ule mgongano mdogo ndo utamu wenyewe.

Ila hakuanzia hapo. Amezaliwa Paide mwaka 1935, amekulia Rakvere, kijana akafanya kazi ya fundi mitambo wa sauti redioni Tallinn huku akitunga vitu vya kisasa vigumu ambavyo wakubwa wa Kisovieti (Estonia wakati huo ilikuwa ndani ya Muungano wa Kisovieti) hawakuvipenda. Mwaka 1968 akatoa Credo, Neeme Järvi akaiongoza, na ndani yake kuna maneno ya kumkiri Yesu Kristo waziwazi, ebu fikiria Usovieti ile, ikawa kesi kubwa. Baada ya hapo karibu miaka minane hakutoa vitu vingi, akawa anasoma nyimbo za kale za kanisa, zile za sauti moja. Akarudi 1976 na kipande kifupi cha piano, Für Alina, na mwaka uliofuata zikaja Fratres, Tabula Rasa na ule wa kumlilia mtunzi wa Uingereza Benjamin Britten, Cantus.

Anza na Cantus. Kengele inagonga peke yake, halafu vinanda vya nyuzi (violini na wenzake) vinashuka ngazi ya la, ila kila kundi linashuka polepole nusu ya mwenzake, kwa hiyo wote wanaimba kitu kimoja na hakuna anayefika pamoja na mwingine. Mwishoni vinanda vinakatika ghafla na unagundua kumbe kengele ilishagongwa kimyakimya chini yao, inabaki inalia. Vaa hedifoni, spika za simu zitakunyima hiyo sehemu. Spiegel im Spiegel iache kwanza, filamu zimeichosha.

"Ni kweli wimbo wao wa taifa ni wa kuiba kwa Finland?"

Hapana jamani. Tuni ni moja, aliitunga Fredrik Pacius, Mjerumani aliyehamia Helsinki, maneno ya Kiestonia akaweka Jannsen yuleyule. Na sisi wa Mungu ibariki Afrika tunaotumia tuni ya Enoch Sontonga pamoja na Afrika Kusini tutasema nini?

"Nilisoma kwamba walipata uhuru kwa kuimba. Si chumvi hiyo?"

Chumvi kidogo ipo. Bila Moscow kuyumba zama za Gorbachev nyimbo peke yake zisingetosha. Lakini usizidharau, maana mazoezi yalianza zamani. Gustav Ernesaks alitunga tuni mpya ya shairi la Lydia Koidula (binti yake Jannsen, ndio, familia ileile), ikaimbwa kwenye tamasha la 1947, baadaye ikaondolewa kwenye programu, halafu 1960 watu wakaianzisha wenyewe bila kuruhusiwa. Utamkamata nani pale, uwanja mzima? Basi 1988 kijana Alo Mattiisen akatoa nyimbo tano za uzalendo zenye gitaa za rock, Ivo Linna akaziimba, watu wakawa wanakesha uwanjani mwezi Juni, na Septemba yakajaa makumi kwa makumi ya maelfu, wengi husema 300,000. Uhuru ukarudishwa tarehe 20 Agosti 1991. Mattiisen mwenyewe alifariki 1996 akiwa na miaka 35 tu.

"Kuna Mwafrika alishawapa ushindi Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya?"

Mweusi ndio, Mwafrika hapana. Dave Benton ni mzaliwa wa Aruba, kule Karibiani. Mwaka 2001 Copenhagen aliimba na Tanel Padar na kundi la 2XL, wakashinda. Mwaka uliofuata Tallinn wakaandaa, na jirani zao Latvia wakaja kubeba kombe palepale.

"Wanawake je?"

Wapo. Miina Härma alisomea kinanda cha kanisa St. Petersburg enzi ambazo mwanamke kufanya hivyo ilikuwa ajabu, akamaliza 1890, akaongoza kwaya na kutunga. Ester Mägi alitunga hadi uzeeni, akafariki 2021 na miaka 99. Wa sasa mtafute Helena Tulve.

"Kwaya yetu inataka kujaribu wimbo mmoja wa huko. Upi?"

Wengi watawaambia Pärt, mi nasema Veljo Tormis. Alichukua nyimbo za kale za vijijini, zile mmoja anatanguliza mstari na wengine wanaurudia, akazipa kwaya. Raua needmine ya 1972 ni laana dhidi ya chuma, kinaelezwa kilivyozaliwa ili kisitudhuru, ngoma ya mganga inapiga muda wote, na maneno yanafika mpaka kwenye silaha za leo. Ni ngumu lakini, inataka solo wawili, mmoja wa tenori na mmoja wa besi, wenye kifua, na mpiga ngoma asiyekimbiza mwendo. Kama kwaya ni changa anzeni na vipande vyake vifupi, Kiestonia kinasomeka karibu kama kilivyoandikwa, hakitawatesa sana.