Kabla Hujamwita Mkaidi, Uliza Ana Miezi Mingapi

Nimekuwa muuguzi katika kliniki ya mama na mtoto mjini Morogoro kwa miaka 16, na sehemu kubwa ya muda huo nimeitumia katika chumba cha chanjo. Ratiba ya chanjo ya Tanzania humleta mtoto mbele yangu akiwa na wiki 6, wiki 10, wiki 14, kisha miezi 9 na miezi 18, kwa hiyo mtoto yuleyule namwona akibadilika kila anaporudi, na sindano yangu kila mara hukutana na akili nyingine kabisa. Ninachotaka kumweleza mzazi anayeanza ni kwamba tabia nyingi zinazomchosha, zile ambazo majirani humwambia kuwa ni kudeka, ukaidi au kijicho, ni dalili kwamba akili ya mtoto imesogea mbele, na kwamba kabla ya kutafuta dawa au fimbo ni vyema ajiulize mtoto ana miezi mingapi.

Katika wiki ya 6 akina mama hufika wakiwa hoi. Kilio cha mtoto mchanga huongezeka tangu siku za kwanza, hufikia kilele karibu na wiki hiyo, halafu hupungua taratibu kuelekea mwezi wa 3 au wa 4, na hali hii huwapata hata watoto wenye afya njema na wanaonyonya vizuri. Mama asiyelijua hilo hujiona ameshindwa, bibi hutafuta dawa ya chango, na baba huhamia chumba cha pili. Mtoto akiwa ameshiba, nepi ni kavu, hana homa, na bado analia, mbebe na umbembeleze. Ukihisi uvumilivu umekwisha, mlaze chali mahali salama, toka nje kwa dakika chache, kisha rudi. Kamwe usimtikise, kwa sababu shingo yake haijakaza na ubongo wake unaweza kuvuja damu. Karibu na wiki hiyohiyo ndipo hutokea tabasamu la kwanza la kumjibu mtu, tofauti na lile la usingizini ambalo wazee husema mtoto anacheka na malaika. Huona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani kama kutoka titi hadi uso wa mama, na sauti ya mama huitambua tangu siku za mwanzo kabisa za maisha yake. Mwongeleshe unapomnyonyesha na unapomwogesha, hata kama unajiona unazungumza peke yako.

Utaambiwa usimzoeze mikono. Ushauri huu niliupokea kwa mama mkwe wangu, nikautoa kwa wengine, na sasa nimeacha. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda mwaka 1954, akawa anazitembelea familia za Kiganda katika vijiji vya karibu na Kampala, na akafuatilia watoto 28 wakiwa nyumbani kwao, kwenye mikeka yao, katikati ya shughuli za kila siku. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake humfanya kuwa kituo chake: hutambaa kwenda kuchunguza kitu, hugeuka kumtazama, hurudi kumgusa, kisha huondoka tena. Baadaye, huko Baltimore nchini Marekani, yeye na mwenzake Silvia Bell waliona kuwa watoto ambao mama zao waliwaitikia upesi walipolia katika miezi ya mwanzo walikuwa wakilia kidogo zaidi walipokaribia kutimiza mwaka, kuliko wale waliocheleweshewa. Huwa nafurahi kidogo kukumbuka kwamba elimu hii, ambayo vijana vyuoni huiona ni mambo ya Wazungu, sehemu yake kubwa ilipatikana kwenye nyua za Waganda, kwa wanawake waliokuwa na mbeleko mgongoni.

Katika semina za malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto jambo hili huitwa malezi yenye mwitikio. Jina ni zito, lakini maana yake ni nyepesi: mtoto akitoa ishara, mtu aijibu. Katika miaka ya 1970 mtafiti Edward Tronick aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga, kisha ghafla wakaze uso bila kujibu chochote kwa dakika chache. Watoto walijaribu kumrudisha mama kwa tabasamu, kwa mikono na kwa sauti, na waliposhindwa waligeuza uso pembeni au wakalia. Kwenye benchi la kliniki jaribio hilo naliona kila asubuhi, ila siku hizi uso wa mama umekazwa na simu. Silaumu, kwa sababu foleni ni ndefu na simu ndiyo pumziko lenyewe. Nasema tu kwamba mtoto anapokuita kwa macho, mjibu, kisha rudi kwenye ujumbe wako. Na ikiwa uso wako hauwezi kujibu kwa sababu ya huzuni isiyoisha kwa wiki mbili au zaidi, usingizi umekuruka hata mtoto akiwa amelala, na humtamani hata kumshika, huenda ni sonona baada ya kujifungua. Mwambie muuguzi waziwazi, nawe utasaidiwa.

Mtoto wa wiki 14 ukimchukua mikononi mwa mama na kumning'iniza kwenye mzani, huangaza macho tu. Mwezi wa 9 hali ni nyingine. Akiona ninanyoosha mikono, hujificha kwapani mwa mama, hukamata kanga kwa vidole vyote, na nikimvuta hupiga kelele zinazowageuza vichwa watu wote kwenye foleni. Katika miaka yangu ya mwanzo niliwaambia akina mama, tena mbele za watu, kwamba wamewadekeza watoto, na naona aibu kila nikikumbuka. Kilio kile maana yake ni kwamba mtoto ameshajua nani ni wake na nani ni mgeni, kazi ambayo akili yake haikuiweza miezi michache nyuma. Katika kipindi hichohicho huanza kuelewa kwamba kitu kilichofichwa bado kipo, jambo ambalo Jean Piaget wa Uswisi alilieleza baada ya kuwachunguza kwa makini watoto wake mwenyewe watatu. Kifunike kijiko kwa kanga: mtoto wa miezi 4 hukisahau papo hapo, ilhali wa miezi 9 huivuta kanga na kukichukua. Sasa mweke huyo wa miezi 9 kitandani usiku, aamke gizani asikuone, akiwa anajua kwamba upo mahali fulani. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa ameshaanza kulala vizuri hurudi kuamka na kulia katika umri huu. Siku hizi humwacha mama mwenyewe amvalishe mtoto kile kisuruali cha kupimia, nami husimama kando bila kumkazia macho.

Kwangu somo hili liliuma. Likizo yangu ya uzazi ilikuwa siku 84, kama ilivyo kwa waajiriwa wengine nchini, na kifungua mimba wangu alizoeana na dada wa kazi bila taabu, kwa kuwa katika umri wa miezi 3 bado alimpokea kila aliyemshika kwa upole. Alipofikisha miezi 10 dada yule aliondoka kwenda kuolewa, na kabla mtoto hajatimiza mwaka na nusu tulikuwa tumepitia akina dada wanne. Alikosa usingizi, akakataa uji, akawa ananing'ang'ania mguuni nikiwa napika, nasi tukampeleka hospitali kumpima minyoo. Hakuna aliyeniuliza, wala mimi mwenyewe sikujiuliza, ni watu wangapi aliokuwa amewapenda na kuwapoteza. Basi, ukiweza kuchagua, mlezi aanze kazi mapema, kabla ya mwezi wa 6. Na ikibidi abadilishwe baada ya hapo, yule mpya akae nawe pamoja na mtoto kwa wiki nzima kabla hujawaachia nyumba.

Usimtoroke pia. Nyumba nyingi zina mbinu moja: dada humpeleka mtoto uani kuangalia kuku, mama anapita mlango wa mbele na mkoba. Asubuhi hiyo utaepuka kilio, lakini mtoto hujifunza kwamba mama anaweza kutoweka wakati wowote, na kuanzia hapo hakuachii hata uende chooni. Muage kwa maneno yaleyale kila siku, kwa ufupi na kwa uchangamfu, kisha uondoke kweli.

Kuachisha ziwa ndiko kunakonisumbua zaidi, kwa sababu desturi yetu hukusanya misiba miwili siku moja. Leo titi limepakwa shubiri au pilipili, kesho mtoto yupo kwenye basi kwenda kwa bibi ili asahau, kwa hiyo ndani ya saa 24 amenyang'anywa ziwa na amenyang'anywa mama. Punguza mnyonyo mmoja baada ya mwingine kwa wiki kadhaa, ukianza na wa mchana, uache wa usiku uwe wa mwisho, na safari ya kwa bibi ingoje mwezi mwingine.

Kuhusu mtoto wa jirani aliyetembea kabla ya wako nina machache ya kusema. Charles Super alipochunguza watoto wa Kikipsigisi kule Kokwet nchini Kenya katika miaka ya 1970, alikuta wanakaa na kutembea mapema kuliko wale wa Marekani, kwa kuwa mama zao waliwafundisha makusudi, hata kuwachimbia kishimo cha kuwakalisha. Lakini katika kutambaa, ambako hawakufundishwa, hawakuwa wametangulia. Tofauti ndogo za namna hiyo zisikunyime usingizi. Kinachotakiwa kukuleta kliniki bila kungoja tarehe ya chanjo ni mtoto wa miezi 3 asiyetabasamu kwa mtu, wa mwaka mmoja asiyegeuka kwa jina lake wala kuonyesha kitu au kupunga mkono, wa miezi 18 asiye na neno hata moja, na mtoto wa umri wowote aliyepoteza jambo aliloliweza jana.

Mwezi wa 18 mtoto huja kwa miguu yake, na neno lake ni "sitaki". Anajua anachotaka muda mrefu kabla ya kuwa na maneno ya kukisema, na sehemu ya ubongo inayozuia hasira itaendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20, kwa hiyo kujitupa chini na kugaragara sokoni kwa ajili ya biskuti ni mafuriko, wala mtoto hakupanga kukuaibisha. Kumchapa wakati huo humwongezea hofu juu ya hasira. Kaa karibu, mzuie asijiumize, usimpe biskuti, na mzungumze akishatulia. Kumlazimisha agawe "changu" yake au asiloweshe kitanda usiku ni kumdai deni ambalo bado hajakopa.

Umri huu pia ana kumbukumbu, naye huanza kulia mlangoni kwangu akiona koti jeupe. Mama wengi humwambia "hakuna sindano, tunapima uzito tu". Wiki iliyopita mama mmoja kijana alipiga magoti kwenye sakafu ya baraza, akamwambia binti yake: "Utachomwa hapa pajani, itauma, mimi nitakushika." Binti alilia kama wenzake. Nilipoweka pamba juu ya paja alinyamaza, akanitazama muda mrefu kutoka begani kwa mama, kisha akanyoosha mkono kuomba kile kichupa kitupu cha chanjo. Nikampa kofia ya sirinji mpya, badala yake.