Dada, fedha za kikoba zirudi kwanza

Dada yangu, unasema wewe ni mweka hazina wa kikoba, ulichukua laki tatu za marejesho kabla hazijaingia sandukuni, ukamtibu mtoto, kisha ukaandika daftarini kwamba zimekopeshwa. Miezi minane sasa unaswali unalia, na moyo hautulii.

Pole sana, hasa kwa mtoto. Lakini machozi peke yake hayatautuliza. Masheikh wametufundisha masharti matatu ya toba: kuacha kosa, kujuta, na kuazimia kutolirudia. Likigusa haki ya mtu linaongezeka la nne, kumrudishia haki yake au akuhalalishie. Hapo ndipo ulipokwama.

Nenda kwa mwenyekiti ana kwa ana, usitume ujumbe. Taja kiasi chote, na daftari pia, maana hilo litawauma wanachama kuliko fedha zenyewe. Ugonjwa wa mtoto useme mwishoni, usiutangulize kama ngao. Ingia na chochote mkononi, hata elfu hamsini, na tarehe za kumalizia. Ufunguo wa sanduku ulio nao ukabidhi kabla hujaombwa.

Wapo watakaokataa kukusamehe siku hiyo. Shemeji yangu niliyemkosea alininyamazia mwaka mzima, nami niliendelea kumlipa. Usiwaharakishe.