Usilipie kitanda ng'ambo ya Tateyama Desemba

Mkuu, simama hapohapo. Umeuliza ubebe nguo gani, laini ipi ya simu ni nafuu na chakula halali kinapatikana wapi Toyama, Japani, halafu katikati umechomeka kwa raha zako kwamba tarehe 5 Desemba "tunavuka mlima kwenda Nagano". Hamvuki. Mimi nilifika tarehe 3 na sikuvuka.

Milima hiyo ni ya Tateyama, na njia ya watalii ya kuivuka kutoka Toyama hadi upande wa Nagano, Tateyama Kurobe, hufunguliwa katikati ya Aprili, ikifika mwisho wa Novemba inafungwa. Hakuna basi, hakuna kigari cha kuning'inia kwenye waya, na usiwaze kukodi gari: hata kiangazi magari binafsi hayaruhusiwi kule juu.

Wakala aliyenipangia safari (jina namhifadhi, ana watoto) alinionyesha picha za basi likipita kati ya kuta za theluji. Mimi na akili zangu za joto nikajua theluji ni Desemba. Nikamuuliza, njia ipo? Akasema, "Mlima upo mwaka mzima." Hakudanganya. Ulikuwepo, nyuma ya mawingu. Kumbe zile kuta hupigwa picha kuanzia Aprili mpaka Juni, mashine zikishachimba barabara kule Murodo, kituo cha juu kabisa cha njia, mita 2,450, na miaka mingine hukaribia mita 20! Upepo wa baridi kutoka Siberia hubeba unyevu wa Bahari ya Japani, ukigonga ile milima unabwaga mzigo wote palepale. Desemba ndiyo kwanza unaanza kubwaga.

Basi nikakaa kwenye treni kama saa nzima kutoka Toyama mjini hadi kituo cha Tateyama, na sanduku la kilo 23. Mzee wa kituoni wala hakusema neno. Aliinua mikono tu akaikunja alama ya X. Nikamwonyesha risiti ya hoteli ya Omachi, upande wa pili. X tena. Nikarudi Toyama, nikakata tiketi ya shinkansen, treni ya kasi, kuzunguka hadi Nagano, nikafika usiku, nikalipia chumba kingine huku cha Omachi kimelala kitupu. Yeni 26,000, hairudishwi. Wakala nilimpigia, simu ikaita tu. Nadhani naye hufungwa mpaka Aprili.

Kwa hiyo tarehe za njia kwanza, kitanda baadaye. Ukitaka majani mekundu, Murodo huanza mwisho wa Septemba, kisha rangi inashuka bondeni taratibu hadi Novemba. Bwawa la Kurobe, lililo kwenye njia hiyohiyo, humwaga maji mwisho wa Juni hadi katikati ya Oktoba. Likizo yako ikigoma kabisa kusogea, baki chini pwani, nenda Himi ule buri, samaki wa baridi aliyenona. Huyo ndiye pekee aliyenifariji.

Nguo? Viatu visivyoingiza maji. Sasa funga huu uzi, na kama umeshaweka hoteli ng'ambo, ifungue uangalie kama siku za kughairi bure hazijapita.