Maswali na majibu: Gari za turbo, kompyuta ya injini na petroli yetu

Mwezi huu maswali mengi niliyopokea ni ya gari za turbo kutoka Japani, na karibu yote yanazunguka jambo moja: kubadilisha programu ya kompyuta ya injini ili gari iongeze nguvu. Nimechagua yale ambayo majibu yake yatawafaa na wengine.

Fundi, assalamu alaykum. Nina Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2002. Nikipakia watu nikapanda vilima vya njia ya Wete, nasikia mlio kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Kuna kijana Unguja ananambia ataongeza presha ya turbo kwa laptopu na mlio utaondoka. Nikubali? (Msomaji, Wete)

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Usikubali. Na mpaka tulimalize jambo hili, vilima hivyo vipande kwa gia ya chini na mguu mwepesi. Usikanyage mafuta mpaka mwisho.

Mlio huo ni injini inagonga. Kwa kawaida petroli huwaka pale plagi inapotoa cheche, na moto ukatambaa kwa mpango mpaka kwenye kuta za silinda. Lakini hewa iliyoshindiliwa na turbo ikiwa ya moto sana, au petroli ikiwa dhaifu, sehemu ya mchanganyiko huripuka wenyewe kabla moto haujaufikia. Kila mripuko wa namna hiyo ni nyundo juu ya pistoni. Katika injini hizi za Subaru, mahali panapovunjika mara nyingi ni ule ukingo mwembamba wa pistoni ulio baina ya ringi na ringi. Ukishavunjika, gari inakula oili, inatoa moshi wa buluu, na injini lazima ishushwe.

Gari yako ilipangwa Japani, kwa petroli yao ya daraja la juu ambayo vituoni kwao huwa na okteni (kipimo cha petroli kustahimili kugonga) 98 hadi 100. Petroli yetu haifiki hapo. Ongeza juu yake joto la kwetu, na kile kipoza hewa cha turbo ambacho Subaru wamekiweka juu ya injini: ukienda polepole na mzigo kwenye kilima, kinapata upepo mdogo na kinapikwa na joto la injini iliyo chini yake. Ndio maana unasikia mlio pale pale mlimani, na si ukiwa tambarare. Sasa anayetaka kuongeza presha anataka kuipasha moto zaidi hewa ambayo tayari inakusumbua.

Kompyuta yenyewe inajaribu kukulinda. Kwenye bloku ya injini imefungwa sensa inayosikiliza, na ikisikia kugonga, cheche inacheleweshwa. Subaru wanaweka pia namba moja inayoonyesha kompyuta inayaamini mafuta kiasi gani. Kwa gari nyengine kilele chake ni 1, kwa nyengine ni 16. Ikishuka chini, ujue imeshapunguza taimingi, yaani imechelewesha wakati wa cheche kutoka, kwa kiasi kikubwa. Niliwahi kusoma gari moja Chake Chake ikanionyesha 5 katika 16. Mwenyewe alikuwa akilalamika kuwa gari nzito, anataka iongezwe nguvu. Tulikuta mpira mdogo wa hewa umepasuka upande wa chini, ufa wa urefu wa ukucha ambao huuoni mpaka uukunje kwa vidole, na plagi ambazo si za injini ile. Tulibadilisha vyote viwili, tukasafisha sensa ya hewa, kisha ndipo nikafungua laptopu. Nilishusha presha ya turbo kidogo, nikaondosha digrii chache za taimingi, na nikaongeza petroli pale turbo inapofanya kazi nzito. Kwa karatasi nguvu ilipungua. Mwenye gari alirudi siku ya pili akasema gari imekuwa nyepesi, kwa sababu kompyuta haikuwa tena inarudi nyuma kila anapokanyaga.

Kwa hiyo mwambie kijana huyo akuonyeshe namba hiyo kwanza, halafu arekodi gari ikipanda kilima. Kama hajui anasoma wapi, mshukuru na uende kwa mwengine.

Nimeona mtandaoni kidude kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani. Wanasema kinaongeza nguvu na kupunguza ulaji wa mafuta. Kinafaa kwa Forester ya turbo? (Msomaji, Fuoni)

Nilifungua kimoja alichoniletea mteja. Ndani mlikuwa na taa tatu ndogo, kitufe, na kibao ambacho waya za mawasiliano za ile soketi hazikufika popote. Taa zinawaka na kuzima, basi. Kazi ya kubadilisha jedwali za petroli na cheche za injini hakiwezi kuifanya. Pesa hiyo nunua plagi nzuri.

Mark X yangu ya lita 2.5 nikiifanyia programu itaongeza kiasi gani? (Msomaji, Chukwani)

Kidogo mno, pengine hutausikia mguuni. Mark X yako haina turbo, inavuta hewa yenyewe, na programu haiwezi kuitilia hewa ambayo haipo. Gari ya turbo inabadilika sana kwa sababu kompyuta ndiyo inayoamua turbo isukume hewa kiasi gani.

Binamu yangu yupo Uingereza ana Impreza kama yangu, ameifanyia programu na sasa inakwenda vizuri sana. Amenitumia faili kwa WhatsApp. Naweza kulipakia kwangu? (Msomaji, Kiembe Samaki)

Hapana, kaka, na naomba unisikilize kwa hili. Faili hilo ni majedwali ya namba: kwa mzunguko huu wa injini na hewa hii, nozeli (kijidomo kinachopuliza petroli) ifunguke muda gani, cheche itoke digrii ngapi kabla pistoni haijafika juu, turbo isukume mpaka wapi. Kila namba imeandikwa kwa gari moja. Kama yeye alibadilisha nozeli kubwa, namba zake zinafungua nozeli kwa muda mfupi kuliko zako zinavyohitaji. Ukilipakia, gari yako itakosa petroli wakati turbo inasukuma, na hapo ndipo pistoni huyeyuka. Injini ya turbo ikiwa kwenye mzigo mkubwa inataka takriban kilo 11 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Ikifika 14 kwenye mzigo huo, uko karibu na hasara. Tena yeye anajaza petroli ya okteni 97 hadi 99 na anaendesha kwenye baridi.

La kufanya: fundi asome faili la asili lililomo ndani ya kompyuta yako, akupe nakala kwenye fleshi uiweke nyumbani, ndipo aanze kazi kutokea hapo. Fundi asiyekupa nakala ya asili, siku mkikosana huna pa kurudia.

Gari yangu haizidi kilomita 180 kwa saa, kompyuta inakata. Nataka uondoshe kizuizi. (Msomaji, Bububu)

Kizuizi hicho ni makubaliano ya watengenezaji wa Japani kwa gari za soko lao. Kukiondosha ni kazi ya dakika chache, na siifanyi. Unguja nzima, kutoka Nungwi mpaka Makunduchi, ukipima moja kwa moja haifiki kilomita 100, na njia zetu zina watoto wa skuli, baiskeli na ng'ombe wanaokatisha. Mwanangu, leta gari tukutazamie breki na tairi, hilo nitalifanya kwa moyo mmoja.

Fundi mmoja alikuwa akipakia programu kwenye STI yangu, kazi ikakatika katikati. Sasa gari haiwaki kabisa na taa ya injini haionekani hata nikifungua swichi. Masika yaliyopita gari ilipita kwenye maji ya mvua Mwanakwerekwe na zulia la mbele lililowa. Je, kompyuta imekufa? (Msomaji, Amani)

Pole sana. Mambo mawili huenda yamekutana.

La kwanza ni betri. Kwenye Subaru za umri huu, kabla ya kupakia kuna viunganishi vya kijani chini ya dashibodi ambavyo huunganishwa. Ukifungua swichi, feni za rejeta zinaanza kuwaka na kuzima, na pampu ya petroli inagonga. Hizo zote zinakula betri, na kazi inachukua dakika kadhaa. Volti zikianguka katikati, kompyuta inabaki na nusu ya programu mpya na nusu ya zamani. Mimi siguzi gari bila chaja ya betri kufungwa, multimita ikiwa mbele ya macho yangu, redio na kipoza hewa cha ndani vikiwa vimezimwa, na laptopu imejaa chaji ili umeme ukikatika nisiathirike. Iliyokwama hivyo mara nyingi huokolewa kwa kufunguliwa na kuandikwa upya moja kwa moja kwenye chipu, kwa hiyo usiitupe wala usikubali kuuziwa nyengine haraka.

La pili ni zulia. Kompyuta ya Impreza za Japani imelala chini ya zulia la abiria wa mbele, upande wa kushoto, nyuma ya bamba la chuma ambalo abiria anawekea miguu. Maji yakiingia hapo hayakauki, yanakaa chini ya sponji. Toa kwanza waya wa betri, fungua bamba, vuta plagi za waya utazame pini. Ukiona unga wa kijani, maji yameshafika, na ikiwa njia hiyo ina chumvi ya bahari, unga huo unakula pini haraka zaidi. Safisha kwa spirei ya viungo vya umeme na brashi laini ya meno, acha ikauke siku nzima, wala usiunge betri kabla ya hapo. Pini iliyokonda mpaka ikavunjika ibadilishwe.

Nipigie picha ya pini kabla hujasafisha, na ya maandishi yaliyo juu ya boksi la kompyuta. Maandishi hayo ndiyo yatakayonambia ni aina gani, na kama nina faili la asili linalolingana nayo.